Nipeni Kona Ile

Mama Cherehani alianguka tena, na safari hii alimwangukia mwanafunzi mwenzake, nesi, mgongoni.

"Jamani, mama! Mimi si godoro," nesi alisema, huku akimsaidia kukaa. Darasa zima likacheka. Hata Mama Cherehani alicheka, ila machozi yalikuwa karibu.

Ilikuwa siku ya mchujo. Kila anayesomea ualimu wa yoga alipaswa kuonyesha mikao ya mwezi wa kwanza wa mafunzo, kisha aongoze wenzake katika mmoja. Atakayeshindwa, basi tena, harudi. Wenzake walikuja wakiwa wameshazoea, viungo laini kama ulimi. Yeye alikuja na miguu iliyokanyaga cherehani tangu usichana, hajui hata mkeka unakunjwaje. Kusimama kwa mguu mmoja kulimshinda. Kuinama kulimshinda. Hapo mtihani ulikuwa haujafika hata nusu.

Mwalimu, mwanamke mpole ambaye angeweza kuwa binti yake, alichuchumaa mbele yake.

"Mama yangu, nikwambie ukweli? Ualimu bado haujakufaa. Kule jengo la pili kuna darasa la watu wa kawaida. Viti vipo, mtihani hakuna. Nitakupeleka mwenyewe."

"Kule sitaki, mwanangu."

"Ni yoga ileile, mama."

"Siyo." Alimkamata mkono kwa nguvu ya mtu anayezama. "Niache nifagie. Niache nioshe hiyo mikeka. Nifanye chochote unachotaka, lakini usinitoe humu."

Mwalimu aligeuka, akatazama huku na huku. Ukumbi wenyewe ulikuwa chumba cha nyumba kuukuu, kilichovunjwa ukuta mmoja na kupakwa rangi nyeupe, nao ulikuwa wa wanaosomea ualimu peke yao. Una uzuri gani wa kumliza mtu mzima?

Lakini mwanafunzi huyu alikuwa fumbo tangu siku ya kwanza. Siku hiyo dirisha lilikuwa limewakatalia wote. Mwalimu alilivuta, nesi akalisukuma, wapi. Mama Cherehani alilinyanyua kidogo kwa kiganja, akaligonga ngumi moja chini, likafunguka lenyewe kama lililoitwa.

"Madirisha ya zamani yote ni ndugu," alisema.

Tangu hapo alikuwa wa kwanza kufika. Aliuruka ule ubao wa sakafu unaolia bila hata kuutazama, akatandika mkeka wake kwenye kona ya dirisha. Kuna siku dada mmoja alimtangulia pale. Mama Cherehani hakugomba. Alisimama tu kando yake, mkeka kifuani, hadi yule dada akahama mwenyewe kwa aibu asiyoijua sababu yake.

Mkao mmoja tu aliuweza, ule wa mwisho, wa kulala chali na kutulia. Huo hakuwa na mpinzani. Wenzake wakishaamka na kuvaa viatu, yeye bado yupo pale chini, mpaka nesi amtikise: "Profesa wa usingizi, kumekucha!"

Sasa Mama Cherehani alifuta uso kwa upande wa kanga.

"Basi nitege kitendawili," alisema. "Mkishindwa, mnipe mji, kama ilivyo desturi."

Watu wakatazamana. Mwalimu akatabasamu kwa huruma. "Haya, mama. Tega."

"Nilihama, sikuondoka."

"Konokono!" mmoja akasema.

"Siye."

"Kivuli?"

"Wala."

"Huyo mama mkwe wangu," nesi akasema, na kicheko kikapasuka. Yakaja majibu mengine: kucha, mwezi, moshi. Yote siyo.

"Tumeshindwa," mwalimu alisema. "Chukua mji. Tena tumekupa mji mkuu, pamoja na bandari yake."

"Mji niuweke wapi? Nipeni kona ile. Na mniache niongoze mkao mmoja, wa kulala."

Mwalimu alifikiri, akashusha pumzi. "Ukituongoza vizuri, kona ni yako. Ukishindwa, mama, tutaagana."

"Na jibu?" nesi akauliza.

"Kwanza laleni."

Walilala. Hata mwalimu alilala. Mama Cherehani alikwenda konani kwake, akaketi kuuelekea ukuta, na sauti iliyomtoka haikuwa ile iliyokuwa ikiomba.

"Fungeni macho. Miguu imekimbia kutwa, iache sasa, haina pa kwenda. Mikono nayo iache, hakuna atakayekunyang'anya. Ukisikia kitu dirishani, ni upepo tu, nimeshaufungia nje. Taa nitaizima, mlango sitaufunga. Mama yupo. Ukiamka utanikuta. Mama yupo."

Alisema polepole, kama anayemfunika mtu shuka hadi kidevuni. Chumba kikatulia. Nesi, bingwa wa mizaha, chozi lilimteremka hadi sikioni na hakulifuta. Mmoja alianza kukoroma, na hakuna aliyemcheka.

"Kona ni yako, mama," mwalimu alinong'ona bila kufumbua macho. "Haya, tupe jibu."

Mama Cherehani alikuwa bado ameuelekea ukuta. Mkono wake ulikuwa umeshika fremu ya dirisha, karibu na sakafu, nao ulianza kupanda taratibu. Chini ya ile rangi nyeupe vidole vilikuta mikato ya kisu, ambayo mumewe aliikata kila siku ya kuzaliwa ya mtoto wao, kupima kimo. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu, wa nne, wa tano.

Vikapapasa juu zaidi, kutafuta wa sita ambao mtoto hakuufikia, na mbao ilikuwa laini mpaka mwisho.