Supu ya Nassor

Siku hizo mume akila pilipili, muwasho ulimfika mkewe. Ndivyo watu walivyounganishwa siku ya kufunga ndoa.

Kwenye mgahawa wa Kithai, mhudumu aliuliza, "Bosi, supu tuitie pilipili kiasi gani?"

Nassor akamtazama Salha, mkewe, aliyembishia mchana mbele ya mama mkwe. "Tieni za kutosha. Mwenzangu huyu ana mdomo."

Nassor alipokunywa kijiko cha kwanza tu, ulimi wa Salha ukawaka moto, na wali wake mkavu hata hajaugusa. Machozi yakamlengalenga. "Nisamehe, mume wangu."

"Nikusamehe nini tena? Mimi najinywea supu yangu." Akalamba kijiko taratibu.

"Iliyobaki tukufungie, bosi?"

"Nifungie, nitainywa asubuhi. Ila ongeza pilipili. Hii haiwashi."