Doa Chini ya Picha

Kombo, fundi wa picha, alikuwa ameshika wembe juu ya picha ya bwawa, tayari kukwangua doa jeusi lililokuwa chini, penye majani.

“Usiguse hapo,” alisema Bi Saada. “Huyo ni mume wangu.”

Kombo alisita. Marehemu Shomvi alipiga picha za bwawa lile kwa miaka thelathini, zote nyeusi na nyeupe, na hakuna hata moja aliyomo mwenyewe. Mjane wake alikuwa ameleta hii isafishwe, akaitundike ukutani.

“Mama, hiki ni kivuli tu. Hakina hata uso.”

“Kina kofia. Unamjua mwingine aliyevaa kofia pana vile mji huu?”

Kombo alichukua kioo cha kukuzia, akainama. Kweli, aliona ukingo wa kofia, kisha viwiko viwili vilivyoinuliwa kushika kamera. Kando yake palikuwa na kivuli kingine.

“Na huyu mwembamba?”

“Ni mimi. Usicheke.”

Kombo alicheka, akauweka wembe mezani.

“Mlikuwa mnangoja nini?”

“Yangeyange atulie. Shomvi alininong’oneza nisipumue, asije akaruka.”

Kombo alisogeza kioo juu kidogo. Katikati ya maji ya kijivu, ndege mweupe alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, na maji hayakuwa na kiwimbi hata kimoja. Bi Saada naye aliinama. Walimtazama ndege yule kwa muda mrefu, wote wawili wamebana pumzi.