Alama Mbili za Chaki

Patasi iliruka tena, ikachana ukingo wa sinia la mbao lililokuwa likizunguka kwenye mashine ya kukereza.

"Katikati inakata vizuri, ukingoni inanirukia," alisema Mwanakheri.

"Mashine moja, mwendo mmoja," alijibu Shaweji, shemeji yake. "Mkono wako ndio mbovu. Marehemu kaka, mumeo, hakuwa na visingizio. Ukiliharibu na hili, mashine yake naichukua."

Mwanakheri aliizima. Akatia alama mbili za chaki kwenye sinia, moja karibu na kitovu, nyingine ukingoni, akalizungusha polepole kwa mkono. Zilimaliza mzunguko pamoja, lakini ya ukingoni ilikuwa imepita njia ndefu zaidi kwa muda uleule. Kumbe huko nje mbao ilikuwa ikikimbia, na yeye aliikandamiza kama ya katikati.

"Sasa unacheza na chaki," Shaweji alisema. Akachomoa mkanda unaoizungusha mashine, akautia kwapani. "Kesho uje uuombe kwangu."

"Nitakuja, shemeji. Na ukingo huu nitaukata kwa mkono mwepesi, utaukagua wewe."

Shaweji aliondoka bila kuaga. Mwanakheri alilisukuma sinia kwa kidole. Chaki ya ndani ilijizungukia taratibu, ya nje ikakimbia, kisha zote mbili zikasimama pamoja.