Folda ya Vitu vya Muda

Kila Januari mfumo mpya huingia katika vifaa vyote, na kifaa ambacho hakuna aliyekiandikia kiendeshi kipya, yaani programu ya kukiunganisha na mfumo, hunyamaza. Kampuni iliyotengeneza koo la bandia la Senzia, mume wangu, ilishafungwa, hivyo kiendeshi chake nilikiandika mwenyewe, wiki tisa, kwenye meza ya jikoni. Wiki hizo zote, akitaka chai, aligonga meza mara mbili.

Faili la sauti yake, iliyorekodiwa kabla ya upasuaji, nililiweka kwanza katika folda ya vitu vya muda. Jumapili asubuhi kiendeshi kilikubali. Kwa furaha nikawasha koo upya, na mfumo ukiwaka huifuta folda ile kabla ya yote. Nilijua hilo, mpangilio ule ni wangu. Nakala nyingine haikuwepo.

“Nakiete, mbona unalia?” aliuliza, kwa sauti ya kiwandani.

“Nimeifuta sauti yako, baba Mbazi.”

“Basi umepata mume wa pili bila posa.” Akacheka, na kicheko nacho kilikuwa cha mtu nisiyemjua.

Kisha akalizima koo, akagonga meza mara mbili.