Neno la Nane

Mume wa Mwanatumu alikuwa ameshatamka shahada. "Asisemezwe tena," dada wa mgonjwa aliwaambia waliokizunguka kitanda. "Hilo ndilo liwe neno lake la mwisho."

Lakini mgonjwa akafumbua macho, akamtazama Mwanatumu, akakunja kidole kimoja cha mkono wa kushoto na kutamka neno la Kizungu.

Aliyeelewa ni Mwanatumu peke yake. Bei zilipopanda hata unga ukawa wa kununuliwa kwa kikombe, mumewe aliuza shamba lao la minazi huko Pate, akanunua sarafu za mtandaoni. "Shilingi ya nti hii yaoza mkononi," alimwambia. Ufunguo wa sarafu hizo ulikuwa maneno kumi na mawili ya Kizungu, likikosekana moja zote zapotea, naye aliyahifadhi kichwani tu, asije akaibiwa. Watoto wao hawakuwa na kingine duniani.

Kwa kila neno mgonjwa alikunja kidole. Mwanatumu aliyadaka, akiyarudia kimoyomoyo. Vidole vya kushoto vikaisha, akaanza vya kulia. Neno la saba lilitoka kwa mkoromo, kisha kifua kikatulia kwa muda mrefu kabla ya kupanda tena.

Midomo ilikuwa ikilitafuta la nane.

Mwanatumu aliushika ule mkono wa kulia, mkavu kama karatasi. Akavifumba vidole vyote, akakinyoosha kimoja tu, kile cha shahada. Akamwinamia sikioni.

"Yaache hayo, bwana wangu," alinong'ona. "Sema nami: La ilaha..."