Tundu la Kifungo

Kifungo kilipenya.

Fundi cherehani alikitazama kifuani pake, akasahau hata kupumua. Tangu kiharusi kimlegeze mkono wa kulia, kila asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda akipambana na shati lile lile, jasho likimtiririka kama mbeba magunia. Alijiapia kwamba hataigusa cherehani mpaka mkono ule ule mbovu uweze kufunga kifungo.

Mkewe alipiga vigelegele mlangoni. "Hongera, baba watoto! Si nilikwambia? Kesho tunafungua duka!"

Akacheka, kicheko cha upande mmoja wa mdomo. Kisha, kwa mazoea tu ya kazi, akapitisha kidole gumba cha mkono mzima kwenye tundu la kifungo.

Kicheko kikamkauka.

Tundu lilikuwa limepanuliwa. Pembeni palikuwa na uzi mpya, mishono mikubwa mikubwa ya mtu asiye fundi, aliyeshona kwa kujificha.

Alimwinulia mkewe macho. Mama watoto akainamisha uso, akawa anasokota pindo la gauni.

"Nilichoka kukuona unateseka," alisema.

"Najua, mama watoto."

Hakuwa na hasira. Alikifungua kifungo, akalivua shati polepole, akalilaza mapajani.

"Niletee sindano na uzi. Nalirudisha tundu lilivyokuwa."

Mkewe alivileta mbio, na pale pale akailamba ncha ya uzi ili amtungie.

"Acha," alisema fundi, akaunyoosha mkono wa kulia. "Nitatunga mwenyewe."