Kijana wa Bangoni

Tepu ilipozunguka kiuno chake, Kinyozi alivuta tumbo ndani na kubana pumzi. Hakukuwa na haja. Tumbo lenyewe lilikwisha kuaga siku nyingi.

"Umekonda haswa," alisema mama mwenye ofisi ya wanamitindo, akianza kuiviringisha tepu. "Umri?"

Swali hilo ndilo lililokuwa likimponza. Ofisi ya kwanza walimwambia ana tumbo la mwenye nyumba anayekuja kudai kodi. Ya pili, alipotaja miaka thelathini na minane, walicheka mpaka wakapigana viganja. Mwanamume akishapita ishirini na mitano, walisema, akatangaze majokofu. Basi akashindia kabichi ya kuchemsha miezi yote ya joto, na mvi akazipaka dawa ileile anayowapaka wateja wake. Mapenzi, bwana! Baba wa mchumba wake alikuwa amemwambia mbele za watu, kwa kejeli: "Siku nitakayoona picha yako imebandikwa barabarani, njoo umchukue binti yangu siku hiyohiyo."

"Ishirini na miwili," alisema Kinyozi kwa macho makavu.

Mama aliacha kuviringisha tepu. Akamwita mpiga picha kutoka chumba cha pili.

"Hebu mwambie na huyu."

"Ishirini na miwili."

Mpiga picha alimzunguka polepole, akamkagua mashavu, akamkagua shingo. Kisha wale wawili wakatazamana kama watu waliookota pochi njiani.

"Tumehangaika wee kumtafuta mtu kama huyu," alinong'ona mpiga picha. "Vijana wote wanaokuja hapa wamenawiri, wanang'aa."

Kinyozi alisikia, kichwa kikavimba. Alitia saini bila kuuliza mengi. Aliambiwa ni tangazo la vijana na litabandikwa barabara kuu. Alitaka nini tena?

Siku ya kupigwa picha walimkataza kunyoa ndevu, jambo lililomuuma kwa kazi yake, wakamkataza na kucheka. Hilo halikumshangaza. Wanamitindo wakubwa hawacheki, hununa kama wamedhulumiwa urithi. Naye akanuna kwa moyo wake wote.

Bango lilipopandishwa, hakusubiri kwenda kulitazama peke yake. Alivaa suti, akampitia mchumba wake, wakampitia na Mzee, baba wa binti. Njiani alitangulia, kifua mbele, akiitikia salamu za watu ambao hata hawakumsalimia.

Bango lilikuwa kubwa kuliko nyumba. Kinyozi hakuwa na macho ya kitu kingine ila sura yake mwenyewe, imejaa kule juu, kila mfupa unaonekana. Mchumba wake alishika mdomo. Furaha hiyo, Kinyozi alijua.

"Kumbe ni wewe kweli!" alisema Mzee, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na kejeli. "Ahadi ni deni, mwanangu. Ngoja nivae miwani nione wamekuandikaje."

"Soma kwa sauti, baba," alisema Kinyozi. "Wapita njia nao wasikie."

Mzee alivaa miwani, akasoma neno moja moja: "Ana miaka... ishirini na miwili... tu. Tazama... pombe... ilivyomfanya."